Mama kaolewa tena, baba kaoa tena: mtoto anarithi nini?

Msiba ukishapita, khitma ikasomwa na wageni wakarudi kwao, hubaki nyumba, shamba na maneno. "Mama yao keshaolewa, hao watoto wakale kwa baba yao mpya." "Mke mdogo ndiye aliyemuuguza mzee, kwa hiyo nyumba ni yake." "Huyu si wa baba yetu, katika nyumba hii hana hata tofali." Kila neno husemwa kwa uhakika, na kwa kuwa msemaji ni mtu mzima, watoto hunyamaza. Kumbe lote hilo lina kosa ndani yake, na kosa hilo huwagharimu watoto haki ambayo hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kuwanyang'anya.

Makala haya yanahusu mirathi ya Waislamu, ambayo ndiyo inayowagusa watu wengi wa Unguja na Pemba. Wengi wetu ni Shafi, wapo pia Ibadhi, lakini mafungu ya msingi yatakayotajwa hapa yametajwa ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Wasiokuwa Waislamu mirathi yao huenda kwa sheria nyingine, katika mahakama za kawaida.

Maneno ya kuanzia nayo

Mirathi ni kile kinachobaki katika mali ya marehemu baada ya kutolewa vitu vitatu, kwa mpangilio huu: gharama za kumzika, madeni yake, kisha wasia wake. Mahari ambayo hakumlipa mke ni deni. Hata kama mke huyo aliachwa miaka 20 nyuma na sasa ana mume mwingine, deni lake hulipwa kabla mtu yeyote hajagawiwa.

Mrithi ni mtu aliyeungana na marehemu kwa nasaba, yaani damu, au kwa ndoa sahihi iliyokuwa hai siku ya kifo. Mtoto wa kambo na mzazi wa kambo hawana nasaba wala ndoa baina yao, kwa hiyo hawarithiani. Kumlisha na kumsomesha mtoto wa mwenzio tangu ana miaka miwili ni jambo kubwa lenye malipo yake mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini halimfanyi mrithi. Kunyonyeshwa hali kadhalika: kunaharamisha ndoa, hakurithishi.

Mafungu yenyewe yana majina tunayoyasikia kwa masheikh: nusu, robo, thumni ambayo ni sehemu moja katika nane, thuluthi, na sudusi ambayo ni moja katika sita. Wenye mafungu hayo wakishachukua chao, kinachobaki huchukuliwa na watoto, ikiwa miongoni mwao yupo wa kiume, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike.

Na jambo la kulishika kuliko yote ni kwamba warithi huhesabiwa kwa hali ilivyokuwa wakati roho inatoka. Ni kama orodha ya abiria wa meli ya Pemba: kamba zikishafunguliwa bandarini Malindi, Unguja, aliyemo yumo na aliyeshuka kabla kashuka. Atakachokifanya abiria baada ya kufika Mkoani hakimfuti katika orodha.

Kwa hiyo mjane aliyekaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, kisha akaolewa na mume mwingine, thumni yake katika mali ya mume wa kwanza ni yake vile vile. Hakuna aya, hadithi wala sheria inayosema mjane akiolewa arudishe. Na mtoto aliyefuatana na mama yake kutoka Wete kwenda kuishi Fuoni kwa mume mpya bado ni mtoto wa marehemu. Fungu lake halipungui kwa kuhama wala kwa kula chungu kimoja na mume wa mama.

Upande wa talaka, tarehe ndiyo inayoamua. Mke aliyeachwa talaka rejea, yaani ile ambayo mume anaweza kumrejea ndani ya eda, na mume akafa kabla eda haijaisha, anarithi kama mke mwingine yeyote, na huanza upya eda ya kufiwa. Eda ikishamalizika, au talaka ikiwa ya tatu, au mke alijikhului, yaani alijivua katika ndoa kwa kumlipa mume, basi ndoa imekatika na mmoja hamrithi mwenzake. Lakini ndoa iliyokatika ni ya wazazi. Watoto waliozaliwa ndani yake nasaba yao haikatiki kwa talaka, na hawahitaji ruhusa ya mtu ili wamrithi baba yao.

Baba akioa tena

Hapa hesabu inasema kuliko maneno. Tuchukue mali safi ya shilingi milioni 48, yaani baada ya mazishi, madeni na wasia. Mwenye mali alizaa mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, akamwacha mama yao, na eda ikaisha. Wazazi wake wamekwisha tangulia. Kama angekufa hivyo, bila mke mwingine, watoto wawili wangechukua zote: wa kiume milioni 32, wa kike milioni 16.

Sasa ameoa tena na hakuzaa na mke huyo. Akifa, mke ana thumni, yaani milioni 6. Zinabaki 42: wa kiume 28, wa kike 14. Mara nyingi hapa mke, au kaka zake wanaomsemea, hudai robo kwa hoja kwamba yeye hakuzaa na marehemu. Hoja hiyo haisimami. Mke hupata robo pale mume anapokufa bila mtoto kabisa. Akiwepo mtoto, awe kamzaa na mke yupi, fungu la mke ni thumni.

Tuseme sasa ndoa ya pili imeleta mtoto wa kiume na wa kike. Mke atachukua milioni 6 zile zile. Zile 42 zinagawiwa mafungu sita, mawili kwa kila wa kiume na moja kwa kila wa kike: wa kiume milioni 14 kila mmoja, wa kike milioni 7 kila mmoja.

Mtazame mtoto wa kiume wa ndoa ya kwanza. Alikuwa apate 32. Kuja kwa mama wa kambo kumempunguzia 4. Kuja kwa ndugu zake wawili kumempunguzia 14. Yaani sehemu kubwa ya kilichopungua imekwenda kwa watoto wenzake wa baba mmoja, ambao haki yao ni sawa na yake, lakini chuki yote humwangukia mama wa kambo kana kwamba ndiye aliyekula. Watu wa familia wakiiandika hesabu hii kwenye karatasi mbele ya watoto wote, nusu ya vita huisha hapo hapo.

Na baba akioa mke wa pili juu ya wa kwanza, bila ya kumwacha? Thumni ni moja kwa wake wote. Wakiwa wawili wanagawana ile milioni 6, tatu tatu. Wakiwa wanne, kila mmoja milioni moja na nusu. Watoto bado wana 42 zao. Kwa hiyo mke wa pili, kama mke, hawapunguzii watoto hata shilingi moja. Anayempunguzia ni mke mwenzake. Na hakuna fungu la ziada kwa watoto wa mke mkubwa, wala kwa mzaliwa wa kwanza, wala kwa yule aliyebaki kuishi na mzee. Baba au mama wa marehemu akiwa hai, naye ana sudusi yake, milioni 8 katika mfano wetu, na hutolewa kabla watoto hawajagawana.

Mke aliyemuuguza mume hapati zaidi kwa kuuguza. Lakini fedha zake mwenyewe kama ziliingia katika nyumba, hizo si mirathi hata kidogo. Ni zake, na zinapaswa kutengwa kwanza. Hapo hutakiwa ushahidi: risiti za bati na saruji, fundi aliyelipwa kwa mkono wake, watu waliokuwepo. Kukaa ndani ya nyumba ni jambo jingine. Mjane ana haki ya kukaa eda yake katika nyumba ya mume bila kusumbuliwa, na ni aibu kubwa kumtolea vyombo nje kabla ya muda. Lakini kukaa huko hakumfanyi mwenye nyumba.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kwa kauli inayofuatwa kwetu, humrithi mama yake na si baba. Baba anayemjali ana njia ya wasia, tutakayoifikia.

Mama akiolewa tena

Watu husahau kwamba mama naye ana mali: kiwanja alichonunua, dhahabu, thumni aliyoipata kwa mume wa kwanza, fungu alilorithi kwa wazazi wake. Akifa akiwa ndani ya ndoa ya pili, warithi wake ni mume aliyenaye siku hiyo na watoto wake wote, wa ndoa zote. Mume wa zamani hana kitu.

Mume hupata nusu ikiwa mke hakuacha mtoto, na robo ikiwa ameacha. Mtoto anayehesabiwa hapa ni mtoto wa mke, hata akiwa wa mume mwingine. Hili hupindwa sana. Utamsikia mume akisema, "Mimi sikuzaa naye, nusu yangu iko pale pale." Hapana. Wale watoto waliokuja na mama yao wakiwa wadogo ndio walioshusha fungu lake kutoka nusu hadi robo.

Mama ameacha milioni 24, mume, mtoto wa kiume na wa kike wa ndoa ya kwanza, na mtoto wa kike wa ndoa ya pili. Mume robo, milioni 6. Zinabaki 18, mafungu manne: wa kiume milioni 9, wa kike milioni nne na nusu kila mmoja. Wa ndoa ya kwanza na wa ndoa ya pili wako sawa.

Ndugu wa mama mmoja nao hurithiana, kwa masharti. Kijana amekufa hana mke wala mtoto, baba na babu mzaa baba wamekwisha kufa. Ameacha mama aliyeolewa tena, ndugu wawili kwa mama, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kaka mmoja kwa baba. Mali ni milioni 12. Mama ana sudusi, milioni 2, na ndoa yake mpya haimzuii. Ndugu wa mama wana thuluthi, milioni 4, na hapa wa kiume na wa kike hugawana sawa sawa, mbili mbili. Kaka kwa baba huchukua zilizobaki, milioni 6. Angekuwepo ndugu mmoja tu kwa mama, fungu lake lingekuwa sudusi. Na kijana huyo angeacha hata mtoto mmoja, ndugu wa mama wasingepata chochote.

Nyumba isiyogawiwa

Mtoto anapoona mume wa mama anadai sehemu katika nyumba ya baba yake, hudhani ni uporaji. Mara nyingine ni uporaji kweli. Mara nyingine ni haki kamili, na chanzo chake ni familia kukaa miaka bila kugawa.

Baba amekufa, ameacha nyumba ya milioni 48, mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mke ana milioni 6, wa kiume 28, wa kike 14. Haikugawiwa, watu waliona haya kuzungumza mirathi, wakasema watoto wakue kwanza. Mama akaolewa, akazaa mtoto wa kiume na mume mpya, kisha naye akafa. Ile thumni yake, ambayo haikuwahi kutengwa, sasa ni mali yake inayorithiwa. Mume wake ana robo ya milioni 6, yaani milioni moja na nusu. Zinabaki milioni nne na nusu, mafungu matano: watoto wawili wa kiume laki 18 kila mmoja, wa kike laki 9.

Nyumba ile ile ya baba sasa inasomeka hivi: mtoto wa kiume wa marehemu milioni 29 na laki 8, wa kike milioni 14 na laki 9, mume wa mama milioni moja na nusu, na mtoto wa mume huyo milioni moja na laki 8. Huyu mtoto wa mwisho hamrithi mwenye nyumba, ambaye si baba yake na alikufa kabla yeye hajazaliwa. Anamrithi mama yake, na mama alikuwa na kitu ndani ya nyumba. Anayemwambia hana hata tofali amekosea, na anayemhesabu kama mtoto wa tatu kupata sawa na wale wengine naye amekosea.

Mume wa mama akifa naye kabla ya kugawa, milioni moja na nusu yake inakwenda kwa wake zake wengine, watoto wake wa kwingine, pengine wazazi wake. Vizazi viwili baadaye nyumba moja ya Ng'ambo, mjini Unguja, ina warithi 30, wengine Mombasa, wengine Oman, na hakuna hata mmoja anayeweza kuiuza, kuikopea wala kuiezeka upya bila ya kugombana. Masheikh huiita hali hii munasakha, na inafunguliwa kwa njia moja tu: kuanza na kifo cha kwanza, kuandika warithi waliokuwa hai siku ile, kisha kufuata kila kifo kwa tarehe yake. Familia nyingi hufanya kinyume. Hukusanya walio hai leo, huwagawia kana kwamba wote wanamrithi babu, na hapo hapo mwenye robo hupata zaidi ya haki na mwenye zaidi hupata robo.

Kugawa si lazima kuwe kuuza. Mrithi mmoja anaweza kuwanunua wenzake baada ya nyumba kutathminiwa na mtu asiye na maslahi. Au nyumba ikapangishwa na kodi ikagawiwa kwa mafungu yale yale: katika ule mfano wa watoto wanne na mke mmoja, kodi ya shilingi 480,000 kwa mwezi inampa mke 60,000, kila wa kiume 140,000, kila wa kike 70,000. La muhimu ni kila mmoja kulijua fungu lake, liandikwe na litiwe saini.

Pemba, na baadhi ya mashamba ya Unguja, kuna jambo la mikarafuu. Kwanza, Zanzibar miti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo orodha ya mali ieleze kama marehemu alimiliki shamba, au miti tu. Pili, miti haigawiwi kwa kuhesabu mashina. Mkarafuu mkongwe wenye kuzaa vizuri hauwi sawa na mche au mti ulioanza kukauka juu; ukimpa mtoto wa kike mashina 10 yaliyochoka na wa kiume mashina 20 yaliyoshiba, hukugawa kwa sheria ingawa hesabu inaonekana sawa. Itathminiwe kwa uzao. Tatu, karafuu zinazochumwa tangu siku ya kifo ni za warithi wote. Anayesimamia msimu atoe kwanza malipo ya wachumaji kwa pishi, gharama za kuanika na za kupeleka kituoni, kisha kilichobaki kigawiwe kwa mafungu, na stakabadhi za mauzo zihifadhiwe. Ami anayekula misimu mitano peke yake kwa kuwa "watoto bado wadogo" ana deni la misimu mitano.

Shamba la eka tatu lililotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 lina masharti yake. Hati yake isomwe kwanza, na wahusika wa ardhi waulizwe, kabla halijaingizwa katika orodha.

Mtoto mdogo: nani anamlea, nani anashika mali yake

Malezi na usimamizi wa mali ni vitu viwili, na kuvichanganya kumewaharibia mayatima wengi. Katika fiqhi ya Shafi, mama akiolewa na mwanamume asiyehusiana na mtoto, kipaumbele chake cha hadhana, yaani kumlea mtoto, hupita, na aghalabu huenda kwa bibi mzaa mama. Mahakamani leo, chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotazamwa. Lakini uamuzi wowote wa nani alale na mtoto hauhamishi hata senti ya urithi. Bibi aliyempokea mjukuu hakupokea nyumba. Mama aliyepoteza hadhana hakumpotezea mtoto fungu lake.

Mali ya mtoto aliyefiwa na baba husimamiwa na babu mzaa baba akiwepo, kisha na mtu aliyewekwa na baba katika wasia, kisha na atakayewekwa na Kadhi, ambaye anaweza kabisa kuwa mama. Ami hawi msimamizi kwa kuwa ami tu. Mume wa mama hawi msimamizi kwa kuwa anamlisha.

Msimamizi anaruhusiwa kutumia mali hiyo kwa chakula, skuli na matibabu ya mtoto mwenyewe, kwa kiasi na kwa maandishi. Mambo huharibika pale fedha za yatima zinapoingizwa katika mali ya mtu mwingine. Mfano unaojirudia: mama mwenye nia njema anachukua milioni 7 za binti yake, anamkabidhi mume mpya, wanajenga fremu mbili za duka kwenye kiwanja cha mume. Miaka kumi baadaye ndoa imevunjika au mume amekufa, na kiwanja na kilicho juu yake vina jina la mume. Binti hana karatasi. Kama fedha za mtoto zitajenga, zijenge kwenye kiwanja chenye jina la mtoto, au paandikwe mkataba unaosema kiasi gani ni chake, na Kadhi au wakili aushuhudie. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa imewatishia moto wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, na haikumvua mtu kwa kuwa ni mzazi, ami au mume wa mama.

Mjane akiwa na mimba siku ya kifo, eda yake huisha kwa kujifungua, na mtoto aliye tumboni ni mrithi. Ni bora kusubiri azaliwe. Wakilazimika kugawa kabla, fungu lake hutengwa kwa hesabu ya kiume, na kama atakuwa wa kike kilichozidi hurudi kwa wenzake.

Anachoweza kufanya mzazi akiwa hai

Baba aliyeoa tena na mama aliyeolewa tena wote wanaweza kupanga mapema, ila kwa mipaka.

Wasia hauvuki thuluthi ya mali, na haumfai mrithi mpaka warithi wengine waridhie baada ya kifo. Baba akiandika kwamba nyumba yote ni ya watoto wa mke mdogo, karatasi hiyo haiwafungi watoto wa ndoa ya kwanza. Na walio wadogo miongoni mwao hawana uwezo wa kuridhia, wala mtu hawezi kuridhia kwa niaba yao kutoa haki yao. Wasia unafaa sana kwa asiyerithi: mtoto wa kambo uliyemlea, mtoto wa kunyonya, mjukuu ambaye baba yake alitangulia. Mume wa mama anayempenda mtoto aliyemkuta, na anayetaka kumwachia kitu, njia ndiyo hii. Kusema "huyu ni kama mwanangu" mbele ya watu hakuandiki kitu.

Hiba ni kumpa mtu mali ukiwa hai na mzima. Haina kikomo cha thuluthi, lakini sharti ipokewe na ikabidhiwe. Baba akisema "nyumba hii nimempa mwanangu" huku anaendelea kupokea kodi yeye na hati iko kwa jina lake, hiba hiyo ni dhaifu na itavunjwa. Akisema "nitakapokufa ni yake", huo ni wasia, na unarudi kwenye masharti ya wasia. Zawadi iliyotolewa katika ugonjwa wa mauti nayo huchukuliwa kama wasia. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataa kumshuhudia Bashir, baba wa Nuuman, alipotaka kumpa mtoto mmoja na kuwaacha wenzake, akahimiza uadilifu baina ya watoto. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na kila baba mwenye nyumba mbili angefaa kuijua.

Karatasi na njia ya kufuata

Baada ya kifo, tafuta cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na barua ya sheha wa shehia aliyoishi marehemu. Kusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, cheti cha ndoa ya kila mke aliyekuwa naye, na hati ya talaka ya kila mke aliyeachwa. Ongeza hati za nyumba na viwanja, daftari au kadi za benki, na orodha ya madeni, anayodai na anayodaiwa. Jina lililoandikwa benki kama mtu wa kuarifiwa halimfanyi huyo mrithi.

Peleka vyote Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya 2007, ambayo husimamia mirathi ya Waislamu na kutunza mali za amana, Unguja na Pemba. Wakikubaliana warithi, hesabu hufanywa na kugawiwa. Wakigombana, au mtu akikana nasaba, ndoa au talaka, shauri linakwenda Mahakama ya Kadhi, inayoongozwa na Sheria Namba 9 ya 2017.

Karatasi mbili ndizo zinazokwamisha zaidi. Ya kwanza ni talaka ya mdomo. Mume alimwacha mkewe barazani mbele ya wajomba wawili, hakuna kilichoandikwa, na sasa kuna wake wawili wanaodai thumni moja huku mashahidi mmoja amekufa na mwingine amesahau mwezi. Talaka ikitoka, iandikwe na isajiliwe ikiwa na tarehe na idadi, kwa faida ya watoto wa pande zote mbili.

Ya pili ni cheti cha kuzaliwa chenye jina la mume wa mama. Mama huandikisha hivyo ili mtoto asiulizwe skuli, na mume naye huona ni wema. Lakini kwetu jina la pili ndilo linaloonyesha baba. Mtoto huyo akija kumdai baba yake halisi urithi, cheti chake mwenyewe kinamkana. Na akikaa kimya, cheti kinamwonyesha kuwa mrithi wa mtu ambaye si baba yake, na watoto wa mtu huyo wataomba kifutwe. Qur'ani imeagiza watoto waitwe kwa baba zao, Suratul Ahzab aya ya 5. Kosa hili husahihishwa kwa urahisi baba akiwa hai na anakiri. Akishakufa hutakiwa amri ya mahakama, mashahidi wa ndoa ya mama, mkunga au kadi ya kliniki, na ndugu wa baba wenye moyo wa kusema kweli.

Mtoto wa ndoa ya kwanza anayeishi mbali asisubiri kuitwa. Orodha ya warithi hutolewa na waliopo msibani, na asiyekuwepo husahauliwa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Aende yeye, au mama yake kama ni mdogo, akiwa na cheti cha kuzaliwa, akaulize Kamisheni na kwa Kadhi wa wilaya kama mirathi ya baba yake imefunguliwa, na kama haijataja jina lake aweke pingamizi kabla mali haijauzwa. Ikishagawiwa bila yeye bado ana haki ya kudai, ila atakuwa anamtafuta kila mrithi arudishe alichozidishiwa, na nyumba iliyokwisha nunuliwa na mtu wa tatu ni kesi ndefu. Fungu la aliye chini ya miaka 18 liandikwe kwa jina lake, liwekwe kama amana, na nakala ya hesabu ibaki kwa anayemlea, hata kama anayemlea ni bibi asiyejua kusoma.